Mitaa minne ya ukingoni mwa maji Ugiriki: upi wa kulala, upi wa kupita

Anayepanga safari ya visiwa vya Ugiriki hufika mahali akakwama. Bei ya tiketi ya Athens ameshaiona, ruhusa ya kazini ameshapewa, na simu imejaa picha za nyumba zilizosimama majini hata hajui tena ipi ni ya kisiwa kipi. Marafiki wanamwambia Mykonos kwa sababu ndilo jina wanalolijua. Shemeji aliyewahi kufika Krete haelewi kwa nini mtu aende kwingine.

Nimeweka hapa mitaa minne iliyo ukingoni kabisa mwa maji: Alefkandra ya Mykonos, ambayo wageni huiita Venice Ndogo; Vaporia, mtaa wa manahodha mjini Ermoupoli, kisiwa cha Syros; Klima, kijiji cha wavuvi kisiwani Milos; na bandari kongwe ya Chania, Krete. Santorini nimeiacha makusudi. Uzuri wake uko juu ya jabali, na mimi nazungumzia mahali ambapo ukikaa mlangoni chumvi inakurukia.

Nitaipima kwa mambo matano: sura ya mtaa na ulikotoka, shida ya kufika, saa zake pamoja na upepo na kuogelea, chakula na bei, kisha kama panafaa kulala au kupita tu. Hilo la mwisho nalipa uzito kuliko mengine. Mtaa ule ule unaosongamana saa kumi na mbili jioni huwa wa paka na wafagiaji saa moja asubuhi, na picha haikuambii wewe utaukuta saa ngapi.

Sura na asili

Alefkandra ni safu ya nyumba za karne ya 18, za wafanyabiashara na manahodha, zilizojengwa kuta zake zikishuka moja kwa moja baharini. Roshani za mbao, za buluu, nyekundu na kijani, zinaning'inia juu ya mawimbi. Wenyeji hupenda kusimulia kwamba milango ya chini ilikuwa ya kushushia mizigo toka mashuani, na kwamba si mizigo yote ilikuwa ya halali. Kwenye mwinuko wa jirani vimesimama vinu vya upepo vya Kato Mili, na mwendo mfupi upande wa pili lipo kanisa la Paraportiani: makanisa madogo matano yaliyoungana hadi yakawa bonge moja la chokaa nyeupe. Mtaa wenyewe ni mfupi ajabu. Wanaofika kwa mara ya kwanza hufika mwisho wakauliza Venice Ndogo iko wapi.

Vaporia ni habari nyingine kabisa, na ni mtaa ambao watu wa kwetu hawausikii. Ermoupoli ilijengwa na wakimbizi waliotoka Chios, Psara na pwani ya Asia Ndogo wakati wa vita vya uhuru wa Ugiriki, miaka ya 1820, na ikapewa jina la Hermes, mungu wa biashara. Kwa miongo kadhaa ilikuwa bandari kuu ya nchi, hadi Piraeus, bandari ya Athens, ilipoipiku karne ya 19 ikielekea mwisho. Fedha za miaka hiyo ndizo unazoziona Vaporia: majumba ya mawe ya ghorofa mbili na tatu, roshani za marumaru, vyuma vilivyopindwa kwa ufundi, milango mirefu kupita kimo cha watu wawili. Nyuma yake linapanda kuba la buluu la Agios Nikolaos, kanisa ambalo Wagiriki waliliita la matajiri, bila kuficha. Ndani ya mji huo huo kuna ukumbi wa maigizo wa Apollo wa mwaka 1864 na jumba la manispaa lililobuniwa na msanifu majengo Ernst Ziller. Usiondoke pia bila kuingia kanisa la Koimisis. Pana mchoro mdogo wa Kulala kwa Bikira Maria uliokaa miaka na mikaka bila mtu kujua ni wa nani, hadi mwaka 1983 ilipoonekana sahihi ya El Greco, mchoraji mashuhuri mzaliwa wa Krete, kwenye kitako cha kinara cha mishumaa kilichochorwa katikati. Sogea karibu uitafute, iko chini.

Klima haina majumba wala manahodha. Ni mstari wa vibanda vya mashua vilivyochimbwa kwenye mwamba, vinavyoitwa syrmata. Chini huvutwa mashua wakati wa baridi, juu kuna chumba cha familia, na kila mlango una rangi yake. Kati ya mlango na bahari pana kinjia cha zege ambacho siku ya mawimbi hulowa chote. Juu kidogo mlimani kuna ukumbi wa maonyesho wa kale, makaburi ya chini ya ardhi ya Wakristo wa mwanzo, na konde ambamo mkulima mmoja, mwaka 1820, aliibua sanamu ya Venus wa Milo. Ya asili sasa iko Louvre, Paris.

Chania ndiyo yenye tabaka nyingi. Waveneti walioitawala Krete tangu karne ya 13 waliacha umbo la bandari na magudi makubwa ya kuundia meli yaitwayo Neoria. Waosmani walipouteka mji mwaka 1645 waliongeza msikiti wenye makuba pale pale gatini. Leo hauna mnara wala hauswaliwi, hutumika kwa maonyesho. Mnara wa taa mdomoni mwa bandari ulijengwa na Waveneti, lakini umbo ulilo nalo sasa, linalokumbusha mnara wa msikiti, ni la Wamisri wa Muhammad Ali, mtawala wa Misri wa wakati huo, waliokishika kisiwa miaka ya 1830. Katika vichochoro vya nyuma pana sinagogi la Etz Hayyim. Lilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 1999, wakati Wayahudi wenyewe wa Chania walizama Juni 1944 pamoja na meli ya Tanais, wakiwa mateka wa Wajerumani.

Hapo Chania kuna jambo ambalo vitabu vya watalii hulipita haraka, na msomaji wa Kiswahili hastahili kulipita. Nje kidogo ya kuta, upande wa mashariki, kuna ufukwe uitwao Koum Kapi. Leo ni safu ya mikahawa ambako wenyeji hunywa kahawa wakitazama maji. Zama za Waosmani waliishi hapo Waafrika, Wagiriki wakiwaita Halikoutes, waliovuka kupitia Misri na Afrika Kaskazini, wengine wakiwa wameletwa kama watumwa. Walikuwa hamali na wapiga makasia wa bandari hii. Ulipotiwa saini mwaka 1923 mkataba wa kubadilishana watu kati ya Ugiriki na Uturuki, kigezo kikiwa dini, Waislamu wa Krete walihamishwa, na Halikoutes wengi wakaondoka nao. Mmoja aliyebaki, Salis, alijulikana na mji mzima hadi kifo chake mwaka 1967. Kwangu mimi, hilo peke yake linatosha kumtoa mtu kwenye meza za gatini akatembea hadi Koum Kapi.

Kufika

Ugiriki iko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza, na ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja wiki za mwisho. Aliye na kibali cha ukaazi cha Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen hahitaji viza nyingine. Aliyeko Uingereza kwa pasipoti ya Afrika Mashariki bado anaihitaji, na hilo huwashtukiza watu uwanja wa ndege.

Kutoka Piraeus, Syros ndiyo nyepesi: mwendo wa takriban saa nne kwa feri ya kawaida, pungufu kwa ya kasi, nayo inakushusha katikati ya mji. Unavuta sanduku kwa miguu, na robo saa baadaye uko Vaporia. Mykonos ni mwendo wa saa tano hivi kwa feri ya kawaida, karibu nusu yake kwa ya kasi, ila unashukia bandari mpya ya Tourlos, kilomita mbili nje ya mji; chukua basi au boti ndogo. Chania hufikiwa kwa feri ya usiku hadi Souda, mwendo wa saa nane au tisa, kisha basi. Ukilala melini umeokoa usiku mmoja wa hoteli, na hesabu hiyo si ndogo. Milos ndiyo yenye kazi, kwa sababu baada ya kushuka bandari ya Adamas bado Klima iko mbali. Bila gari la kukodi utapanda basi hadi vijiji vya juu, Plaka au Trypiti, ndipo uteremke mlima kwa miguu. Kuteremka hakuna tatizo.

Visiwa vyote vinne vina viwanja vya ndege. Mykonos na Chania hupata ndege za moja kwa moja toka miji mingi ya Ulaya wakati wa kiangazi. Syros na Milos utapitia Athens.

Saa, upepo na kuogelea

Julai na Agosti huvuma meltemi, upepo wa kaskazini unaoweza kushika siku kadhaa mfululizo. Ukizidi, meli huzuiwa kuondoka, na za kasi ndizo huanza kuzuiwa. Panga ukijua hivyo.

Alefkandra inatazama magharibi, jua linazama mbele ya roshani. Kwa hiyo dunia nzima iko hapo saa hiyo hiyo, na siku ya upepo mawimbi huruka hadi mezani, watu wakicheka na kuinua simu. Mchana nao una wageni wa meli za kitalii. Tangu 2025 abiria wa meli hizo wanaoshuka Mykonos hutozwa hadi euro 20 msimu wa kilele, lakini usidhani ada hiyo imefagia mtaa. Asubuhi na mapema ndiyo saa yake nzuri, na ni ya waliolala karibu. Kuogelea hapo si jambo la kupanga, fukwe ziko kwingine kisiwani.

Vaporia inatazama mashariki, jua linaingia nyumbani asubuhi, na jioni mtaa uko kivulini. Asiyeona machweo hapo asilalamike, hapakujengwa kwa ajili hiyo. Faida yake ni kwamba watu wanaogelea chini ya majumba yenyewe, sehemu iitwayo Asteria, kwenye majukwaa ya zege yenye ngazi za kushukia majini. Saa tatu asubuhi utakuta bibi wa Kigiriki wawili watatu wamevaa kofia, wako majini hadi mabegani, wanapiga soga nusu saa nzima bila kulowesha nywele. Maji yana kina mara moja tu baada ya ngazi, basi asiyejua kuogelea ashike chuma.

Klima nayo ni ya machweo, kimya kuliko Alefkandra, ingawa magari huteremka kwa wingi saa hiyo na pa kuegesha ni pachache. Mchana jua ni kali na kivuli hakuna. Watu huruka majini mbele ya mlango. Mchanga wa kulalia hakuna.

Chania inatazama kaskazini, na jioni watu wote hutoka kutembea gatini, watoto, wazee, wauza maputo, kama Forodhani baada ya magharibi. Ukitaka nafasi, pita kwenye gati refu linalokwenda hadi mnara wa taa, ukautazame mji toka ng'ambo ya maji. Ndani ya bandari haogelei mtu. Ufukwe wa mchanga wa Nea Chora uko umbali wa kutembea, upande wa magharibi, na ni salama kwa watoto.

Mezani na mfukoni

Kanuni ya kwanza ni ya kote kunne: samaki mzima huuzwa kwa kilo. Bei unayoiona kwenye orodha si ya sahani. Mwambie mhudumu akuoneshe samaki, ampime mbele yako, akutajie jumla. Hakuna atakayekushangaa, Wagiriki wenyewe hufanya hivyo. Mgahawa mmoja wa gatini, sitataja hata wa kisiwa gani, ulinionesha samaki mmoja ukaniletea bili ya wawili. Ubishi ulichukua muda kuliko mlo.

Kwa Waislamu: souvlaki, yaani mishikaki, na gyros, nyama ya kuzungushwa motoni, za kawaida ni nguruwe. Tamka kotopoulo, kuku, kabla ya kulipa. Nyama ya kuchinjwa kwa taratibu ni adimu visiwa vidogo, lakini huwezi kulala njaa palipo na pweza wa kuchoma, samaki, mboga za majani zilizochemshwa na kukamuliwa limau, na mikunde. Pweza utawaona wameanikwa kambani juani kabla ya kuwekwa makaani.

Alefkandra ni ghali, na kiti cha mstari wa mbele unalipia machweo zaidi ya kinywaji. Orodha ya bei huwekwa mlangoni. Isome kabla ya kuketi. Syros bei ni za mji wa watu wenye mishahara ya kawaida, kwa sababu mji ni wao: ni makao makuu ya kundi la visiwa la Cyclades, una mahakama, ofisi na wanafunzi. Jibini yake ya San Michali ni kali na nzuri, na loukoumi, peremende laini za sukari na wanga walizokuja nazo wakimbizi wa Chios, ndiyo zawadi rahisi ya kupeleka nyumbani. Klima chaguo ni chache. Maduka hakuna, nunua maji na mkate kabla ya kuteremka. Chania, kaa mbali na wanaokuvuta mkono gatini, ingia vichochoro vya Splantzia au nenda Koum Kapi. Mwisho wa mlo utaletewa tunda na kikombe cha raki, pombe kali, bila kuagiza. Asiyekunywa huchukua tunda akashukuru.

Kulala

Vaporia naiona ndiyo nzuri ya kulala. Baadhi ya majumba yamegeuzwa hoteli ndogo, dari zimechorwa, dirisha linafunguka baharini, na usiku unasikia maji tu. Udhaifu wake ni kwamba Syros haina zile fukwe za kuringia, na kijana anayetaka muziki hadi alfajiri ataboreka siku ya pili.

Chania ina vyumba ndani ya nyumba za Kiveneti, vyenye ngazi nyembamba za mbao na mawe. Gari haliingii, sanduku linavutwa juu ya mawe yasiyo sawa, na chumba kinachotazama gati kina kelele hadi usiku wa manane. Omba cha nyuma.

Klima unaweza kukodi banda lenyewe. Ni machache na huwahiwa miezi kabla. Usiku mmoja au miwili pale ni raha ya pekee: unafungua mlango, bahari iko kwenye kizingiti. Lakini hapana uzio, na mwenye mtoto anayetambaa hatalala usingizi.

Alefkandra muziki huendelea hadi karibu na asubuhi wakati wa msimu. Wenye kuupenda, ndipo mahali pao. Wengine walale mitaa ya juu ya mji au upande mwingine wa kisiwa, waje asubuhi.

Nani aende wapi

Marafiki wanne wa rika moja, wana akiba na wanataka kuonekana: Mykonos, bila kuona haya. Wajitengee nusu siku ya boti kwenda Delos, kisiwa cha magofu kilichoorodheshwa na UNESCO mwaka 1990. Boti huondokea bandari ya zamani, hatua chache toka Alefkandra.

Maharusi wenye usiku tatu au nne hivi: Klima kwa usiku mmoja au miwili, usiku uliobaki wakae kwingine Milos karibu na duka na basi. Wakodi gari, la sivyo mlima utawagombanisha.

Familia yenye watoto na nyanya yao: Chania. Kuna mchanga, kuna hospitali ya mji mkubwa, gati halina ngazi, na mvua ikinyesha kuna makumbusho.

Anayesafiri peke yake kwa bajeti, au anayetaka kuandika, kusoma, kuogelea asubuhi na kusikiliza mji: Syros. Na kama jina la Mykonos linamwasha, feri kati ya visiwa hivyo viwili ni ya saa moja hivi. Aende asubuhi, atazame Alefkandra ikiwa tupu iwezekanavyo, arudi Vaporia kulala.

Anayepata likizo Desemba au Februari asihangaike na Mykonos wala Klima, vingi hufungwa kuanzia Novemba hadi karibu na Pasaka. Chania na Ermoupoli huishi mwaka mzima. Mkristo atakayeweza aende Syros wakati wa Pasaka: Wakatoliki wa Ano Syros na Waorthodoksi wa Ermoupoli huisherehekea tarehe moja, jambo lisilo la kawaida, na mji wote huwa barabarani Ijumaa Kuu usiku.

Na yeyote atakayechagua kisiwa chochote kati ya Julai na Agosti, feri ya kurudi Athens aikatie siku moja kabla ya ndege yake, si asubuhi ya siku hiyo hiyo.